Kisa Ambacho Fumbo Lake Linasikika

Wazee wangu mliotutangulia katika kazi hii, waandishi, waigizaji, mafundi wa sauti, na ninyi vijana mnaorekodi simulizi zenu usiku wa manane mkiwa mmejifunika blanketi ili kelele za mtaa zisiingie: nawasalimu wote, na nawashukuru kwa kunialika.

Nimepewa mada ya hadithi za kusisimua na za upelelezi zilizotengenezwa zisikilizwe. Nina neno moja la kuwaambia, na nalisema mapema ili mnipime nalo. Kisa kizuri cha kusikiliza ni kile ambacho fumbo lake lenyewe limefichwa ndani ya sauti. Kumsomea mtu kitabu kwa sauti ya kuvutia ni kazi ya heshima, lakini ni kazi nyingine. Wengi wetu tunazichanganya hizi mbili, na ndiyo maana simulizi nyingi tunazotuma kwenye makundi ya WhatsApp na kupandisha YouTube zinamchosha msikilizaji kabla hajafika sehemu ya tatu.

Ushahidi wangu nautoa Marekani na Uingereza, katika miaka ambayo redio ndiyo iliyokuwa ikiikusanya familia sebuleni kila jioni. Nitawasimulia visa vyenyewe, na miisho yake nitaitaja. Mtaniwia radhi wale ambao hamjavisikia. Tumekuja hapa kikazi, na asiyejua mwisho hawezi kuona jinsi mwanzo ulivyojengwa.

Tarehe 25 Mei 1943, shirika la utangazaji la CBS la Marekani lilirusha mchezo wa nusu saa katika kipindi kilichoitwa Suspense. Mwandishi alikuwa Lucille Fletcher, na mchezo wenyewe uliitwa Sorry, Wrong Number. Mama mmoja mgonjwa yuko kitandani, peke yake nyumbani. Ni usiku, mume hajarudi. Anapiga simu ofisini kwa mumewe, namba inatumika muda wote, mwishowe anamwomba opereta amuunganishie yeye. Enzi hizo nyaya ziliweza kuingiliana, na hapo zinaingiliana: mama anajikuta anawasikia wanaume wawili ambao wao hawamsikii. Wanapanga kumuua mwanamke usiku uleule, saa tano na robo. Kwa nini saa hiyo? Kwa sababu ndipo treni inapopita darajani karibu na nyumba, na kishindo chake kitamfunika akipiga ukelele. Kisha simu inakatika.

Tangu hapo yule mama hana kitu mkononi isipokuwa simu. Anampigia opereta huyu, anapewa yule. Wote wana adabu, na hakuna hata mmoja anayemsaidia. Polisi wa zamu anamsikiliza nusunusu: mwanamke yupi, mama? Mtaa gani? Mji huu ni mkubwa. Inaingia telegramu, anasomewa kwa simu: mumewe amelazimika kusafiri, hatarudi usiku huo. Pole pole mama anaanza kuelewa, na sisi tulishaelewa kabla yake na tulikuwa tunatamani kumwambia, kwamba mwanamke aliyekuwa akizungumziwa ni yeye. Kisha anasikia mtu ameinua simu nyingine, iliyoko chini, ndani ya nyumba hiyohiyo.

Na treni inapita.

Sasa itazameni kazi ya huyu mwandishi. Treni tuliahidiwa tangu dakika za mwanzo. Tuliambiwa itapita saa ngapi na itapita kwa sababu gani. Kwa hiyo inaposikika, hahitajiki msimulizi wa kutueleza kwamba muuaji amefika, kwamba kisu kimeinuliwa, kwamba mama anapiga kelele. Mlio mmoja umebeba yote hayo. Fletcher aliutia maana mapema, akauacha ulale, akauamsha wakati wake ulipofika.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Yule mama na msikilizaji wako katika hali moja. Yeye hawaoni wauaji, sisi hatuwaoni. Yeye ana sikio na waya, sisi tuna sikio na redio. Hatari yake imeingia kwa njia ileile ambayo hadithi inatuingilia sisi. Mwaka 1948 kisa hiki kilifanywa filamu, Barbara Stanwyck akiwa yule mama, naye aliigiza vizuri mno. Lakini ili kuijaza skrini, ilibidi filamu irudi nyuma na kuonyesha maisha ya mume na mke, mapenzi yao, ugomvi wao. Kila picha iliyoongezwa ilipunguza kitu. Kwenye redio Agnes Moorehead aliicheza nafasi hiyo mara nane, ya mwisho ikiwa mwaka 1960. Wasikilizaji walishajua mwisho, na bado waliuomba. Mtu anayejua mwisho akautaka tena mchezo, huyo hafuati habari. Anafuata namna sauti zilivyopangwa.

Niende kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Mwingereza Arthur Conan Doyle, maana hakuna mkutano wa upelelezi ambao yeye hatajwi.

Holmes aliingia redioni Marekani tarehe 20 Oktoba 1930, kupitia NBC, shirika jingine la utangazaji. Aliyemwigiza usiku huo ni William Gillette, mzee wa miaka 77 aliyekuwa amemcheza Holmes jukwaani tangu mwaka 1899. Miswada iliandikwa na Edith Meiser, mwanamke aliyeipigania sana kazi hiyo ipate mdhamini, akampata mwuza kahawa. Arthur Conan Doyle alikuwa ameacha visa vya Holmes 60 kwa jumla, vifupi 56 na riwaya 4. Katika vyote hivyo, cha kufungulia kilikuwa The Speckled Band, kisa cha utepe wenye madoa. Nikisikiliza masikio yangu, naona hakuna chaguo lililokuwa bora zaidi ya hilo.

Binti anakuja kwa Holmes akitetemeka. Dada yake alikufa miaka miwili nyuma, siku chache kabla ya harusi, ndani ya chumba kilichofungwa mlango na dirisha. Kabla ya kufa alimwuliza: je, umewahi kusikia mtu akipiga mluzi usiku wa manane? Usiku wa kifo chenyewe binti alisikia ukelele, kisha mluzi wa chini, kisha mgongano wa chuma. Sasa yeye mwenyewe anakaribia kuolewa, amehamishiwa chumba kilekile, na jana usiku amesikia mluzi.

Ushahidi ndio huo. Mluzi, chuma, na neno moja la marehemu kuhusu utepe, ambalo kila mtu alilifasiri vibaya. Holmes na rafiki yake Watson, daktari anayesimulia visa vyake, wanakaa chumbani humo bila taa. Wanasikia saa ya kanisa ikigonga, inagonga tena, inagonga tena. Kisha kinasikika kitu chembamba, laini, mfano wa mvuke unaotoka kwenye birika. Holmes anawasha kiberiti na kuchapa kwa fimbo kwa nguvu zake zote. Na Doyle hapo anafanya jambo la ajabu: hata taa ilipowaka, Watson hakuona. Mwanga wa ghafla ulimpofusha, akasikia mluzi tu. Kisha ukaja ukelele kutoka chumba cha pili. Nyoka, ambaye ndiye ule utepe, aliyefundishwa kuitika mluzi na kurudi kwenye kasiki la chuma, alikuwa amemgeukia mwenye kumfuga, baba wa kambo wa mabinti hao.

Doyle aliandika hayo mwaka 1892, redio haijakuwepo. Alikuwa anamwandikia msomaji wa jarida. Lakini kisa chenyewe kilikuwa tayari cha masikio, na Meiser alikitambua. Hili ndilo ninalotaka mlichukue mkienda kwenye rafu zenu kutafuta hadithi ya kuigiza. Ulizeni: fumbo la kisa hiki linaonekana au linasikika? Kama ufunguo wake ni alama ya kiatu kwenye udongo, au rangi ya wino kwenye barua, au sura ya mtu pichani, mtalazimika kumfanya mtu aeleze anachokiona, na muda huo wote msikilizaji atakuwa amesimama nje ya mlango. Kama ufunguo ni mluzi, yuko ndani pamoja nanyi.

Watson naye ana somo lake. Meiser alimweka mtangazaji kama mgeni anayemtembelea daktari mzee kando ya moto, na daktari anaanza kusimulia. Mpango huo ulidumu miaka mingi, hata baada ya Basil Rathbone na Nigel Bruce kuchukua nafasi za Holmes na Watson mwaka 1939. Bruce alipendwa sana, ila alimfanya Watson mtu wa kuchekesha, mzito wa kuelewa. Mimi nawaombeni msimwige. BBC ilipotengeneza visa vyote 60 kati ya 1989 na 1998, Clive Merrison akiwa Holmes, Watson alichezwa na Michael Williams kama daktari mwenye akili timamu, askari wa zamani, anayekosa jawabu kwa sababu jawabu ni gumu. Tofauti yake unaisikia mara moja. Msikilizaji wa upelelezi husafiri akiwa ameshika mkono wa rafiki wa mpelelezi. Rafiki akiwa mjinga, msikilizaji anamwachia mkono.

Hapa kwetu tunaye rafiki wa namna hiyo, naye ni Najum.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957/58, na mwaka 1960 ikachapishwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale. Ndani yake akatupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, Najum kando yake, na Spekta Seif wa polisi. Msomaji aliyesoma Holmes anaona mara moja Bwana Msa ametoka ukoo gani. Lakini someni riwaya hizo kwa sauti, na Kisima cha Giningi iliyofuata, mtasikia jambo ambalo Doyle hana. Watu wanazungumza! Wanataniana, wanakatizana, wanapigana vijembe vya Kiunguja, wanazunguka jambo kabla ya kulitia mkononi. Bwana Msa hupata mengi kwa kumwacha mtu aseme. Kurasa nyingi mno za Abdulla zimeshakuwa mchezo wa redio, zinangoja waigizaji tu, wanaoijua ladha ya lahaja ile na hawataisawazisha iwe Kiswahili cha taarifa ya habari.

Ila kuna la kuzingatia, na nalisema kwa sababu nimeona vijana wakijitia matatani. Mwandishi Stevenson, ambaye nitamfikia punde, alifariki 1894, Doyle 1930. Unaweza kutafsiri visa vyao mwenyewe na kuviigiza bila kumwomba mtu. Abdulla alifariki 1991. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, na ya Kenya vilevile, inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Riwaya za Bwana Msa zina wenyewe. Nendeni kwa mchapishaji, ombeni ruhusa kwa maandishi, lipeni kinachostahili. Pia angalieni tafsiri: kitabu kinaweza kuwa huru, huku tafsiri yake ikiwa bado ina mwenyewe.

Nimemtaja Stevenson, na kwa kweli ndiye niliyetaka nikae naye zaidi leo.

Mwaka 1881, huko Braemar katika milima ya Uskochi, mvua na baridi vilimfungia Robert Louis Stevenson ndani ya nyumba pamoja na familia. Alichora ramani ya kisiwa ili kumfurahisha mtoto wa kambo, na kutoka kwenye ramani akaanza kuandika Treasure Island, kitabu ambacho wazee wetu walikisoma shuleni kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kila alipomaliza sura aliwasomea wa nyumbani. Baba yake mzee, mhandisi wa minara ya taa, alinogewa kama mtoto. Yeye ndiye aliyeorodhesha vitu vilivyomo ndani ya sanduku la Billy Bones, haramia mzee wa mwanzoni mwa hadithi, na Stevenson akaiingiza orodha hiyo kitabuni. Tazameni basi: kabla ya kuwa kitabu, hadithi hiyo ilikuwa sauti chumbani, na wasikilizaji wake walitia mkono humo.

Ndiyo maana imejaa masikio. Pew, kipofu wa maharamia, tunamjua kwa fimbo yake: ko, ko, ko, kwenye barabara iliyoganda kwa baridi. Jim, kijana anayesimulia hadithi, na mama yake wako ndani wanahesabu fedha za marehemu Billy Bones, mlango umefungwa, na fimbo inakuja, inagonga mlango, komeo linatikiswa, kimya, kisha fimbo inaondoka. Hakuna aliyeuawa hapo. Hakuna hata aliyeonekana. Na ni miongoni mwa kurasa zinazotisha kuliko zote nilizowahi kusoma.

Halafu pipa la matufaha. Jim yumo ndani ya pipa, amekwenda kutafuta tunda, anataka kusinzia. Mtu anakuja kukaa na kuegemea pipa, na anaanza kusema. Ni Silver, mpishi mwenye mguu mmoja, mtu ambaye Jim alimpenda kuliko mabaharia wote, naye anapanga mauaji. Hadithi nzima inageuka pale, na mtoto anayeibeba haoni chochote isipokuwa mbao. Baadaye, usiku, Jim anaingia ndani ya ngome akidhani wenzake ndio waliolala humo. Giza totoro. Anasikia watu wanakoroma, na hilo linamfariji. Anapiga hatua, na kasuku wa Silver anapayuka "Pieces of eight!", jina la fedha za kale, bila kukoma. Amejitia mikononi mwa maadui. Mwandishi mwingine angeweka taa inayowaka na uso wa adui. Stevenson kaweka ndege.

Tarehe 18 Julai 1938, Orson Welles na kundi lake la Mercury Theatre waliirusha hadithi hiyo kupitia CBS, ikiwa ni wiki ya pili tu ya kipindi chao. Welles alikuwa na miaka 23. Aliicheza nafasi ya Silver na pia ya Jim aliyekwisha kuwa mtu mzima, anayesimulia. Muziki ulikuwa wa Bernard Herrmann. Kipindi hicho kilianza kwa jina la First Person Singular, yaani mtu anayesema "mimi", na ndiyo iliyokuwa imani ya Welles: kwamba redio ni mtu mmoja anayemwambia mtu mwingine mmoja yaliyomfika. Nasisitiza, mtu mmoja. Ukisema "wapenzi wasikilizaji popote mlipo" umeshavunja kitu, kwa sababu anayekusikiliza yuko peke yake, pengine na spika moja sikioni kwenye daladala iliyojaa.

Kundi hilohilo ndilo lililorusha, tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo, mchezo wa wavamizi kutoka sayari ya Mirihi kwa mtindo wa taarifa ya habari. Habari za taharuki yake, za watu kudhani uvamizi ni wa kweli, mmezisikia, na wanahistoria wameonyesha kwamba magazeti yalizikuza kupita kiasi. Kwa hiyo sitakaa nayo. Nitataja Quito, mji mkuu wa Ecuador, tarehe 12 Februari 1949. Redio ya pale iliiga mtindo uleule kwa Kihispania, ikitaja mitaa na vitongoji vya kweli. Watu waliingia barabarani kwa hofu, na walipoambiwa kwamba ni mchezo, hofu iligeuka ghadhabu. Jengo la gazeti la El Comercio, lilimokuwa na studio, lilichomwa moto, na watu walikufa ndani yake. Ninyi mnaotengeneza sauti zinazosafiri kwenye simu bila jina wala maelezo, msiige kamwe sauti ya tangazo la dharura. Sehemu ya tatu ya rekodi ikikatwa na kusambazwa peke yake, hakuna atakayejua kwamba ilikuwa hadithi. Katika hili sina nafasi ya mjadala.

Turudi kwenye raha ya kazi.

Kuanzia Julai 1947 hadi Septemba 1954, CBS walikuwa na kipindi kingine kilichoitwa Escape, na kwa hadithi za hatari za nchi za mbali sijasikia kilichokizidi. Kilifungua kwa kumwambia msikilizaji: wewe. Wewe uko peke yako mahali fulani, kitu fulani kinakuja, na huna pa kukimbilia. Sentensi chache tu, kabla hata jina la mchezo halijatajwa, na tayari uko humo. Tarehe 14 Januari 1948 walirusha kisa cha Carl Stephenson, cha mwenye shamba huko Brazil anayekataa kuwakimbia siafu. William Conrad ndiye aliyekuwa Leiningen, mwenye shamba. Siafu wanakuja kwa mamilioni, na yeye amechimba mfereji wa maji kulizunguka shamba, na ndani yake mwingine wa petroli. Anaamini akili ya binadamu inatosha.

Kwetu sisi kisa hiki kinafika mahali ambapo Mmarekani aliyekisikiliza hakuweza kufika. Yeye ilibidi aambiwe siafu ni nini. Hapa nani hajawahi kuamshwa usiku na kuku wanaohangaika bandani? Nani hakumwona bibi akimwaga majivu mlangoni? Kisa hicho kikiletwa Kilombero au Bukoba hakitahitaji nusu ya maelezo. Mwandishi wetu atakuwa na dakika za bure za kufanyia mambo mengine, na mimi ningemshauri azitumie kwa watu: wafanyakazi wa Leiningen, ambao wanaweza kukimbia, na wameamua kubaki naye. Wanasema nini usiku huo?

Mwaka uliofuata, Novemba 1949, Escape wakarusha Three Skeleton Key, kutoka kwa mwandishi Mfaransa George Toudouze. Walinzi watatu wa mnara wa taa juu ya mwamba, pwani ya Guiana. Meli isiyo na mtu inasukumwa na upepo hadi kwenye mwamba, inavunjika, na panya waliokuwa ndani yake, maelfu kwa maelfu, wanaparamia mnara. Sehemu iliyobaki ni watu watatu ndani na meno nje. Ilirudiwa Machi 1950 Vincent Price akiwa mmoja wa walinzi, na rekodi hiyo mnaweza kuipata bado. Isikilizeni kwa ajili ya kitu kimoja: panya hawanyamazi. Wakati mwingine wanakuwa mbali, wakati mwingine kwenye kioo, lakini wapo kila mara, hata watu wanapozungumzia mambo ya nyumbani. Fundi wa sauti amewafanya kuwa mhusika.

Na hawa mafundi, ndugu zangu, walikuwa watu wa ubunifu mkubwa na vifaa vya jikoni. Hatua kwenye theluji zilikuwa mfuko wenye wanga wa mahindi ukibinywa. Moto ulikuwa karatasi ya plastiki ikisokotwa kidogo kidogo karibu na kipaza sauti. Radi ilikuwa bati likitikiswa. Katika kipindi cha usiku wa manane cha Lights Out, kichwa kilichokatwa kilikuwa kabichi na kisu. Na farasi, farasi wote wale wa Marekani, walikuwa vifuu viwili vya nazi! Pwani yenye minazi kuanzia Lamu hadi Mtwara ina vijana wanaopakua mlio wa farasi kutoka intaneti, ule ule ambao kila mtu anao. Kaeni siku nzima na kipaza sauti. Mbuzi ya nazi ikikuna alfajiri inatuambia tuko nyumba gani na ni mwezi gani, ikiwa ni wakati wa daku. Komeo la mlango wa Zanzibar, honi ya kivuko cha Kigamboni, konda anayegonga ubavu wa gari mara mbili, jenereta inayowaka umeme unapokatika. Kila mmoja wa milio hiyo unaweza kuwa treni ya Lucille Fletcher, ukiuahidi mapema.

Jenereta hasa naifikiria mara kwa mara. Umeme unakatika mtaani, jenereta ya jirani inanguruma kila usiku, watu wamezoea. Usiku mmoja inawaka wakati umeme upo. Nani kaiwasha, na anataka kufunika sauti gani? Mwenye kutaka kisa hicho, achukue, aandike.

Kuhusu muziki nitasema wazi kile ninachokiona. Tunaumwaga mno. Kinanda cha huzuni kinaanza sekunde ya kwanza na hakiachi mpaka mwisho, chini ya maneno, chini ya kilio, chini ya ukimya ambao ungetisha kama ungeachwa. Herrmann, ambaye baadaye alikuwa bwana mkubwa wa muziki wa filamu, redioni aliandika vipande vya sekunde chache: kipande kinaingia, kinatuhamisha kutoka chumba hadi bahari, kinatoka. Jaribuni kurekodi kipindi kimoja kizima bila muziki wowote. Mtagundua haraka ni wapi muswada ulikuwa umelegea na kinanda kikauficha.

Na msimulizi apunguze. "Alikuwa na hofu kubwa sana moyoni mwake, jasho likimtoka." Mwigizaji anayo pumzi, mwacheni aitumie. Babu zetu waliposema paukwa, tukaitika pakawa, hawakueleza kwamba zimwi linatisha. Walishusha sauti wakanyamaza, na sisi tukasogeleana.

Tarehe 30 Septemba 1962 kipindi cha Suspense kilirushwa kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini, na kwa Marekani watu wengi huhesabu jioni hiyo kuwa mwisho wa enzi. Televisheni ilikuwa imeshinda. Vipindi vile vilirushwa moja kwa moja kutoka studio, na vingi vingepotea hewani. Tulivyo navyo vimebaki kwa sababu mtu alivirekodi kwenye santuri, na kwa sababu jeshi la Marekani lilikuwa na idara ya redio iliyonakili vipindi na kuvipeleka kwa askari walioko mbali. Baadaye wapenzi wa redio wakazitafuta santuri hizo kwenye maghala na kuzihamishia kwenye kanda. Hakuna mpango mkubwa uliokuwepo.

Kwa hiyo naomba jambo hili lifanyike kuanzia wiki hii. Kila kipindi mnachokimaliza, hifadhini nakala safi isiyopunguzwa ubora mahali pawili tofauti, pasiwe kwenye simu. Andikeni tarehe, jina la mwandishi, majina ya waigizaji wote, hata aliyesema sentensi moja, na jina la aliyegonga vifuu. Ambatisheni muswada. Na wale kati yenu mlio na kanda za michezo ya redio ya zamani nyumbani, ziwe za wazazi wenu au mlizorekodi wenyewe mkiwa wadogo, msizicheze kwenye redio mbovu ili kuzijaribu. Kanda kuukuu hukatika. Zileteni kwa fundi mwenye mashine nzuri, zihamishwe mara moja, kisha tuketi tusikilize pamoja tujue tuna nini.